Tulijenga kwenye njia ya maji

Kama kuna mtu anatafuta kiwanja Dar sasa hivi naomba anisikilize kwa hili moja, asikubali kupelekwa kukiona mwezi wa nane tu halafu akalipia. Sisi tulipelekwa mwezi wa nane. Ilikuwa 2016, huku Goba, jua kali, vumbi jekundu limejaa mpaka kwenye kope, dalali anatembea mbele anatuonyesha bikoni na sisi nyuma tunasifia upepo na jinsi bonde linavyoonekana kwa chini. Kiwanja mita 20 kwa 25, kimelala kwenye mteremko, na katikati yake kulikuwa na kibonde fulani hivi kinakata kutoka kona ya juu mpaka kona ya chini, kina mchanga mweupe safi na vikokoto vidogo vidogo vimejipanga. Sehemu nyingine yote ni udongo mwekundu. Nikamuuliza dalali huu mchanga umetokea wapi, akanijibu mama hiyo ni bahati yenu, mchanga wa kujengea mnao hapa hapa. Mume wangu akafurahi, mimi nikafurahi, tukalipia.

Mchanga mweupe uliooshwa, katikati ya udongo mwekundu, umeletwa na maji. Leo nikipita kwenye kiwanja cha mtu nikauona mchanga wa namna ile moyo unanienda mbio, ila siku ile niliukanyaga na viatu vyangu nikaupita.

Nyumba tukaiweka pale pale katikati. Kibonde tukakijaza kifusi na moramu, vijana wakashindilia siku mbili, jamvi likamwagwa juu yake, tukahamia September 2017. Vuli ya mwaka ule ilikuwa ya kawaida, maji kidogo yakasimama nyuma ya jiko, yakakauka, maisha yakaendelea. Halafu ikaja April 2018, zile mvua za katikati ya mwezi zilizojaza Jangwani mpaka barabara ya Morogoro haipitiki. Saa nane za usiku nikasikia sauti kama mtu anaburuta kitu kizito nje ya ukuta. Kushusha mguu kitandani nikakanyaga maji. Yaani sikuelewa, nikadhani bomba limepasuka. Kuwasha taa naona maji mekundu ya tope yanaingia kwa mlango wa jikoni, yanapita koridoni, yanatokea sebuleni yanaenda zake mlango wa mbele, yamenyooka moja kwa moja, hayatafuti njia. Watoto tukawapandisha juu ya meza ya chakula, mume wangu akazima umeme kwenye meini swichi, tukakaa gizani tunasikiliza friji linagongana na kabati mpaka alfajiri.

Asubuhi nilipotoka ndo nikaona kwamba yale maji yalipita kwenye mstari ule ule wa ule mchanga. Kifusi chetu na jamvi letu na nyumba nzima vimesimama juu ya mstari, na maji hayakuona sababu ya kubadilisha safari.

Maji yenyewe yaliondoka siku moja ila unyevu ulikaa miezi. Rangi ikaanza kuvimba, chini ya ukuta kukatoka unga mweupe wa chumvi, tukaskimu, ikabanduka, tukaskimu tena. Mtoto wetu wa pili kifua kikaanza kumbana usiku. Fundi rangi anasema tatizo ni rangi, fundi mwingine anasema ni saruji ilikuwa ndogo, kila anayekuja anatibu ukuta, kumbe ukuta hauna ugonjwa, ardhi inayouzunguka ndo imeshiba maji na haina pa kuyapeleka.

Sasa hapa nieleze kosa letu kubwa, kubwa hata kuliko la kununua kiwanja, maana nikiangalia mtaani kwetu naona nyumba baada ya nyumba inalirudia. Tulikusanya hela, tukamleta fundi, tukajenga fensi ya tofali upande wa juu isiyo na tundu hata moja ili maji ya jirani yasiingie, uwanja wote tukaupiga pevingi kutoka geti mpaka ukuta wa nyuma, tukaweka slopu nzuri kuelekea kona ya chini, na pale konani tukatoboa fensi tukapitisha bomba la inchi 6 linalomwaga nje. Mvua ya kwanza baada ya kazi ile uwanja ulikauka ndani ya dakika kumi. Tulisimama barazani tunaangalia maji yanavyokimbia, tukasema hatimaye tumepona.

Chini yetu anakaa bibi mmoja Mzaramo, amezaliwa huku huku kabla Goba haijawa na viwanja wala bikoni. Mvua za October 2019 zilipopiga, kesho yake asubuhi akapanda na fimbo yake mpaka getini kwetu. Nikamwamkia shikamoo bibi, akaitikia marahaba mjukuu wangu, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, halafu akasema njoo uone. Nikamfuata. Jiko lake la nje, lile la miti na udongo, ukuta mmoja umelala chini. Mbele yake kuna mfereji mpya umechimbika hadi kwenye goti, umeanzia chini ya bomba letu, umepita kwenye mihogo yake, umefika jikoni. Vifaranga walikufa. Akaniambia, mjukuu wangu, maji yako yamekuja kwangu. Hakusema zaidi ya hapo. Nililia njia nzima nikirudi.

Ile hesabu ambayo hakuna fundi aliyewahi kunipigia nikaipiga mwenyewe usiku ule kwenye daftari la mtoto, na ni rahisi mno. Mvua ya milimita moja ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Basi. Kiwanja chetu ni mita za mraba 500, kwahiyo mvua ya milimita 50, ambayo kwa masika ya Dar ni mvua ya jioni moja tu na si ajabu, inamwaga lita 25,000 ndani ya fensi yetu, yaani maboza mawili na nusu ya lita elfu kumi. Paa peke yake, kama mita 150 za mraba, linatoa lita 7,500. Ile mvua mbaya ya December 2011, iliyoua watu zaidi ya 40 Dar na kufanya serikali kuwahamisha watu wa mabondeni kwenda Mabwepande, ilizidi milimita 150 kwa siku moja. Kwa uwanja wangu hiyo ni zaidi ya lita 75,000. Zamani, uwanja ukiwa na nyasi na mihogo, sehemu kubwa ya maji hayo ilikuwa inazama taratibu mahali ilipoangukia. Mimi nikaweka pevingi na bati na fensi, nikayakusanya yote, nikayaelekeza kwenye tundu moja la inchi 6, nikamlengeshea bibi wa watu.

Na juu yangu kuna viwanja vitatu vilivyofanya hivyo hivyo.

Bibi ndo alinifundisha historia ya mahali penyewe. Nilikwenda kumjengea jiko jingine (la tofali safari hii, hilo halikuwa na mjadala), tukakaa kwenye mkeka, akaniambia pale ilipo sebule yenu ulikuwa mkondo, sisi tukiwa wadogo masika tunacheza pale, na huku chini kwangu mama yangu alikuwa anapanda magimbi na mpunga kidogo. Magimbi na mpunga! Hivi ni mimea ya majini hii. Nikakumbuka Msasani kuna mtaa unaitwa Bonde la Mpunga mpaka leo, umejaa nyumba, na kila masika watu wanashangaa kwanini maji yanajaa. Jina limesema. Kuna Mtoni, kuna Ziwani, kuna Bondeni za kila mji, wazee walipaita mahali kwa kile walichokiona pale, sisi tunanunua kiwanja Bondeni halafu tunashangaa bonde. Maji hufuata mkondo, hiyo methali tulikaririshwa shuleni kama ya kujibia mtihani tu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mimi ni mtoto wa Mbinga, kule Ruvuma, na babu yangu ni Mmatengo. Wanaojua Umatengo wanajua milima ya kule ilivyo, mashamba yamesimama karibu kama ukuta, mvua ni nyingi, na bado udongo haushuki. Kwasababu ya ngoro. Mwezi wa pili wa tatu hivi wanaume wanafyeka nyasi, wanaziacha zinyauke, wanazilaza kwenye mteremko kwa mistari inayokatana mpaka shamba zima linakuwa na viboksi vya mraba, halafu wanawake wanaingia na majembe, wanachimba katikati ya kila kiboksi na udongo wanaufunika juu ya nyasi. Unabaki na mashimo mengi yamezungukwa na matuta, maharage yanapandwa juu ya matuta, baadaye mahindi. Mvua ikija kila shimo linashika maji yake na tope lake. Yakizidi yanamwagikia kwenye shimo la chini yake polepole, hakuna mahali yanapopata nafasi ya kukimbia. Nimechimba ngoro na bibi yangu mzaa mama kila likizo nikiwa primari, viganja vikitoka malengelenge, na sikuwahi hata siku moja kufikiria kwamba ile ni elimu. Nikaja mjini nikaamini pevingi.

Basi 2020 tukaanza upya, na kazi ya kwanza haikuwa kuchimba. Ilikuwa kuangalia. Masika ile kila mvua ikianza kunyesha nilikuwa natoka na mwavuli na fungu la vijiti nilivyovifunga vitambaa vyekundu, nachomeka kijiti pale maji yanapoingilia, pale yanapokimbia, pale yanaposimama. Mume wangu mwanzoni alikuwa ananiangalia dirishani, baadaye akatoka na yeye. Mvua ya nne ya tano hivi picha ikakamilika kabisa: maji mengi yalikuwa yanatoka kona ya juu ya mashariki, yanapiga fensi, yanazunguka na kuchimba chini yake, halafu kuna maji mengine yanatoka kwenye paa letu wenyewe yanadondoka kwenye msingi wetu wenyewe, na haya ya pili ndo yalikuwa yanaozesha ukuta wa chumba cha watoto. Miaka miwili tulikuwa tunamlaumu jirani wa juu kwa unyevu wa paa letu.

Hilo la paa ndo la kuanza nalo kwa sababu ni rahisi na faida unaiona wiki hiyo hiyo. Weka gata pande zote, liwe na mwinamo kidogo kuelekea kwenye bomba la kushusha, lipeleke kwenye simtanki. Lakini, na hapa naomba mnisikilize vizuri, tangi la lita 5,000 kwa paa kama letu linajaa kabla mvua ya milimita 35 haijaisha, na likishajaa maji yote yanayofuata yanatoka kwa juu, na tangi lenyewe kwa kawaida limekaa wapi? Ubavuni mwa nyumba. Kwahiyo unakuwa umeyachukua maji ya paa zima ukayaleta sehemu moja ukayamwaga kwenye msingi. Bomba la kutolea ziada ni la lazima, liende mbali na nyumba, sisi letu linaenda mita nane.

Halafu kuna bustani za maua. Nilikuwa nimejenga kijibustani cha tofali ukutani kabisa, chini ya dirisha la watoto, nimejaza udongo mzuri na mbolea, namwagilia kila jioni. Ule udongo ulikuwa juu ya ile nailoni ya DPC inayowekwa kwenye msingi kuzuia unyevu usipande, maana yake nilikuwa nimetengeneza daraja la maji kuingia ukutani na nayalisha mwenyewe kila siku. Tuliubomoa kwa nusu siku. Tukachonga ardhi pande zote iwe chini ya DPC na iteremke kwenda nje, kama sentimita 5 kwa kila mita kwa mita tatu za kwanza. Hakuna gharama hapo zaidi ya posho ya kijana mmoja na mpira wa leveli, ule wa maji, ambao fundi yeyote anao na hauwezi kukudanganya kama jicho linavyokudanganya kwenye mteremko.

Upande wa juu tulifanya kitu ambacho majirani waliona kama tumechanganyikiwa, tulitoboa fensi. Matundu kumi na mawili chini kabisa, ya ukubwa wa tofali. Fensi isiyo na matundu kwenye mteremko ni bwawa, maji yanajaa nyuma yake, udongo unalowa unakuwa mzito, na siku inaamua kuanguka inaanguka yote kwa pamoja, kila masika tunasikia ukuta umemwangukia mtu. Ndani ya fensi tukachimba mtaro unaokatiza mteremko, upana kama sentimita 60, kina sentimita 40, na udongo tuliotoa tukauweka upande wa chini kuwa tuta. Wakamba wa Machakos wana makinga maji yao yanaitwa fanya juu, jina la Kiswahili kabisa na wataalamu wa dunia nzima wanalitumia hivyo hivyo, ila kule udongo unarushwa upande wa juu ili shamba lijitengenezee ngazi zenyewe baada ya miaka. Sisi tulikuwa tunataka kuyakamata maji na kuyazungusha pembeni mwa nyumba, kwahiyo yetu ni fanya chini. Mtaro una mwinamo mdogo sana, sentimita moja kwa mita, maji yanatembea hayakimbii. Juu ya tuta tukapanda vetiva. Hii nyasi mizizi yake inakwenda chini moja kwa moja, inaweza kufika mita tatu na zaidi, inashika udongo kama nondo, na haitambai kwenda kwa jirani. Ilichukua karibu mwaka mpaka ikashikana, kwahiyo ile masika ya kwanza tulizuia na viroba vya mchanga.

Nyuma ya jiko ndo ilikuwa shughuli. Pale maji yalikuwa yanatokea chini, ardhi inatota hata kama mvua imekatika siku tatu. Tukachimba mtaro wa kokoto, ule unaoitwa mtaro wa Kifaransa ingawa hauna uhusiano na Ufaransa, umepata jina kwa Mmarekani mmoja, Henry French, mwanasheria na mkulima wa Massachusetts aliyeuandikia mwaka 1859. Unachimba, unalaza bomba lenye matundu, unajaza kokoto. Mara ya kwanza tuliukosea mara mbili. Fundi alilaza bomba matundu yakiangalia juu, akili ya kawaida inasema maji yanatoka juu, kumbe maji yanajaa mtaroni kutokea chini yakipanda, kwahiyo matundu yanatakiwa yaangalie chini ili yaingie bombani mapema kabla hayajafika juu. Kosa la pili hatukuweka kitambaa cha kuchuja udongo. Masika moja tu, udongo laini umeshapenya kati ya kokoto zote, mtaro umekuwa tope lenye mawe. Tukafukua kila kitu, tukaosha kokoto moja moja, tukatandika jiotekstaili, ndo kitambaa chenyewe hicho, chini na pembeni, kokoto za inchi 3/4 zilizooshwa, bomba la inchi 4 matundu chini, kokoto tena, tukakunja kitambaa juu kama unavyofunga andazi kwenye gazeti, tukafunika. Toka hapo haujaziba.

Na shimo la kunyonya maji. Watu wengi wanachimba shimo mahali popote palipo na nafasi, kabla ya kuiuliza ardhi. Kuiuliza ni rahisi, chimba kijishimo cha sentimita 30 kwa 30, kina 60, jaza maji, acha yaishe, jaza tena kesho yake halafu kaa na saa. Kwetu upande wa juu kwenye udongo wa kichanga maji yaliisha chini ya nusu saa. Upande wa chini kwenye mfinyanzi nilijaza saa kumi jioni, asubuhi bado nikaona uso wangu. Sehemu ambayo fundi alikuwa ameshachora shimo ni ile ya mfinyanzi! Lingejaa mvua ya kwanza na kukaa hivyo hadi June, na maji yakikaa wiki moja na kidogo tayari ni mbu, na Dar tumeshapitia dengi 2014 na 2019, mimi mwenyewe niliugua ile ya 2019, maumivu yale ya viungo simtakii mtu. Shimo letu liko kwenye kichanga, mita sita kutoka kwenye msingi, na liko mbali na septiki.

Septiki na maji ya mvua visikutane kabisa. Ukiingiza maji ya paa kwenye septiki unaijaza kwa siku moja na majitaka yanatafuta pa kutokea. Na kuna jambo tunalijua wote na tunalinyamazia, kutapisha vyoo. Mvua ikiwa kubwa mtu anafungua shimo lake usiku, anayaachia yaende na maji ya mvua, anaokoa hela ya gari la majitaka. Yanakwenda wapi? Yanapita kwenye nyua za watu, yanaingia visimani, watoto wanayakanyaga kwenda shule. Mlipuko wa kipindupindu ulioanzia hapa Dar August 2015 ulisambaa nchi nzima. Hili silionei aibu kulisema mbele ya mtu anayelifanya, na nimeshalisema.

Turudi uwanjani. Pevingi tuliing'oa nusu. Iliniuma, ile ni hela, ila tuliyoitoa tuliiuza na iliyobaki ni ya gari na njia ya kwenda mlangoni tu. Nyuma yote nikachimba ngoro. Si ngoro kamili ya shambani, ni mashimo tisa tu yamezungukwa na matuta, kila moja kama mita moja na nusu, nyasi chini ya matuta kama nilivyofundishwa, ukubwa wa viganja vyangu umebadilika lakini mkono ulikumbuka. Juu ya matuta nina maharage na mchicha. Mashimo mawili ya chini kabisa, yale yanayokaa na unyevu, nimeweka migomba, maana toka zamani watu wetu maji ya bafuni yanaelekezwa kwenye mgomba, mgomba unakunywa kama ng'ombe. Mbele nimepanda pemba grass. Shimo la ngoro likijaa huwa linakauka kesho yake au keshokutwa, lile ambalo halikukauka nililitoboa chini nikaweka mchanga.

Hata hivyo kuna mvua ambayo uwanja wowote hauwezi kuinywa yote. Hiyo ziada lazima ipate mlango halali, na hapo ndo mtu mmoja hawezi peke yake. Tulimwita mwenyekiti wa serikali ya mtaa, tukamwita mzee wa kiwanja cha juu, bibi tukamwekea kiti kwake, tukakaa. Mzee wa juu mwanzoni alisema yeye maji yake yameingia barabarani na barabara si yake. Nikamwambia shikamoo mzee, naomba mvua ijayo uje tusimame wote kwenye kona yako. Alikuja, na koti la mvua, akasimama dakika ishirini bila kusema kitu. Wiki iliyofuata na yeye alikuwa anaweka gata. Tukakubaliana njia moja pembeni ya mpaka wa bibi, tukaijengea kwa mawe, mawe makubwa chini ili maji yapunguze mbio, inashuka hadi kwenye korongo. Mwisho wake kule korongoni tumemwaga mawe na kupanda matete, kwa sababu bomba likimwaga kwenye ukingo mtupu linaanza kuchimba, na makorongo yetu ya Goba, Salasala na Kimara yanapanuka kila mwaka, wachimba mchanga wanasaidia kuyapanua, kuna nyumba zinaning'inia sasa hivi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto, lakini ukingo wenyewe unatembea, unaweza kujenga mbali na ukajikuta karibu bila kuhama.

Kipimo chetu kilikuwa ile El Niño, kuanzia vuli ya 2023 ikaunga mpaka April 2024. Mvua usiku na mchana. Usiku wa kwanza mzito sikulala, nilikaa barazani na tochi. Maji yalikuja kona ile ile ya mashariki, mekundu, yakapita kwenye matundu ya fensi, yakaingia mtaroni, yakageuka. Yaligeuka! Yalizunguka nyumba kama mtu aliyeonyeshwa njia, yakajaza ngoro moja baada ya nyingine, na mengine yakaenda kwenye mawe. Nilimwamsha mume wangu aje aone. Sebule kavu. Kulikuwa na shida, tuta lilikatika sehemu moja ambayo vetiva ilikufa, na mchanga uliingia mtaroni mwingi tukawa tunautoa kwa koleo kila Jumamosi. Mtaro ni kazi ya kila wiki masika nzima, anayekwambia utajenga na kusahau hajawahi kuwa nao. Kwetu kinachoziba zaidi ni majani ya mwembe na chupa za plastiki za barabarani, mifuko imepungua sana toka ilipopigwa marufuku June 2019, chupa bado.

Nikapiga simu kwa bibi saa kumi na moja alfajiri, nikijua ameshaamka kuswali. Nikamuuliza hali ya jikoni. Akasema jiko lipo, vifaranga wapo, maji yamepita huko kwenye mawe yenu yanaimba.

Siku hizi ile kona yake ya juu, karibu na njia ya mawe, ardhi inakaa na unyevu kidogo kidogo mpaka karibu mwezi wa nane, na amerudisha magimbi pale pale mama yake alipokuwa anapanda. Juzi kaniletea manne kwenye kanga, kaniambia nisiyachemshe na maji mengi, niweke tui. Na mzee wa juu kiwanja kilichopakana naye kimeuzwa, mnunuzi kijana tu, ameshaleta lori la pevingi. Jumapili baada ya ibada tunakwenda kwake mimi, mzee na bibi, nimeshaandaa vijiti.